Ukweli wa Sufuria: Maneno kwa Wapishi na Waongozaji wa Moshi Kuhusu Mgeni Asiyekula cha Mnyama

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu wapishi wa Mlima Kilimanjaro, waongozaji, wapagazi, madereva, na akina mama mnaopokea wageni majumbani kuanzia Materuni hadi Marangu, habari za asubuhi.

Tumeombwa tuzungumzie mgeni anayejiita vegani. Jikoni wengi wetu bado tunamchanganya na vejiteriani, na hapo ndipo matatizo yanapoanza. Vejiteriani hali nyama, lakini anaweza kula yai na kunywa chai ya maziwa. Vegani ameacha nyama, samaki, mayai, maziwa na kila kinachotokana navyo, pamoja na asali. Hata nje ya sahani anakwepa ngozi, sufu, hariri na manyoya ya bata. Neno lenyewe lilizaliwa Uingereza mwaka 1944, Donald Watson na wenzake walipoanzisha chama chao. Maelezo ambayo chama hicho kinayatumia hadi leo yana kipengele ambacho tungependa mkishike vizuri: mtu aepuke kutumia wanyama kadiri inavyowezekana na kutekelezeka.

Kadiri inavyowezekana. Nyumbani kwake mgeni huyu anajua kinachowezekana, kwa sababu anasoma pakiti zote na anajua duka lipi linauza nini. Akishuka uwanja wa ndege wa KIA elimu hiyo inabaki nyuma. Hajui mtori unapikwaje, hajui mafuta ya chipsi yamekaanga nini asubuhi, hajui begi la kulalia alilokodishiwa limejazwa nini. Kuanzia hapo dhamiri yake iko mikononi mwetu. Msimamo wetu katika jambo hili ni mmoja: uamuzi ni wa mgeni, ukweli ni wa kwetu. Tusimwamulie, na tusimfiche kitu ambacho angekihitaji ili aamue.

Tuanze na sufuria. Supu ya maboga ya kambini ukiitazama haina neno. Lakini kitunguu kilikaangwa kwa siagi, kikatumbukizwa kipande cha kiungo cha mchuzi chenye mafuta ya kuku, na mwisho ikamiminwa maziwa ya unga ili iwe nzito. Ni vitu vitatu vya mnyama ndani ya supu ambayo mhudumu ataipeleka hemani akisema kwa moyo mweupe kabisa kwamba ni mboga tupu. Hakudanganya kwa kukusudia. Hakuuliza tu.

Wapo wanaotaka kumsaidia mgeni wakakimbilia tui la unga badala ya maziwa. Geuzeni pakiti msome. Aina nyingi za tui la unga huongezwa kaseini, nayo ni protini ya maziwa. Tui la kopo kwa kawaida halina shida hiyo, na la nazi uliyokuna mwenyewe halina kabisa. Baadhi ya siagi za mimea zina maziwa ndani yake. Biskuti nyingi zina maziwa ya unga. Vinywaji vya unga vya chokoleti tunavyopanga mezani saa kumi jioni, pamoja na bisi, mara nyingi vina maziwa tayari hata kabla hujaongeza. Mandazi ya mtaani huwa na maziwa au mayai, mara nyingine vyote viwili. Chapati ni unga, maji, chumvi na mafuta, ila wapo wanaokandia maziwa au kupaka siagi, kwa hiyo anayenunua mjini aulize. Na chakula cha Kihindi kisicho na nyama, ambacho Arusha na Moshi tunacho kingi na kizuri, mara nyingi kimeungwa kwa samli. Samli ni maziwa.

Kuhusu mafuta na vyombo: kama jiko lina karai moja, pika cha vegani kwanza, halafu kuku. Ukianza na kuku, hakuna kuosha kambini kutakakoondoa harufu, kwa sababu maji ya moto ni machache. Vibao viwili vya kukatia vyenye rangi tofauti vinagharimu kidogo na vinamaliza ubishi.

Sasa tupande mlimani, maana huko kuna jambo la usalama ambalo halisemwi vya kutosha. Mgeni akiwa hali nyama, mpishi anafikiria maharage, na anafikiri sawa. Lakini kila unapopanda mita 300 hivi, kiwango cha joto ambacho maji huchemkia kinashuka kwa karibu nyuzi moja. Hapa Moshi maji yanachemka kwenye nyuzi kama 97. Kambi ya Horombo, mita 3,720, yanachemka kwenye nyuzi 88 hivi. Kambi ya Barafu au ya Kibo ni kama 85. Yanatokota, mvuke unatoka, mpishi anaona yamechemka, na joto halitoshi. Maharage makavu yatakaa motoni saa nne, gesi iishe, na bado yawe magumu katikati. Ugumu ni shida ndogo. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili inayovunjwa kwa kuchemka sana, dakika 10 au zaidi kwenye moto mkali, na joto la chini haliivunji. Anayekula maharage mekundu ambayo hayakuiva hutapika na kuhara ndani ya saa chache. Mwongozaji atadhani ni ugonjwa wa kimo, atamshusha mtu, kumbe ni mchuzi.

Kwa hiyo utaratibu uwe huu. Maharage yalowekwe Moshi usiku mzima, maji ya kulowekea yamwagwe, yachemshwe kwa nguvu yakiwa katika maji mapya, yaendelee mpaka yaive kabisa. Yapoe, yachujwe, yagandishwe kwenye friji usiku wa kuamkia safari, yafungwe katika chombo kigumu. Hayo ni ya chakula cha jioni siku ya kwanza, na siku ya pili ikiwa bado yana ubaridi. Baada ya hapo msipike tena maharage, isipokuwa mmebeba presha kuka, ambayo ina uzito wa kama kilo tatu na lazima ihesabiwe kwenye mzigo wa mtu fulani.

Siku zinazofuata ni za adesi nyekundu zilizopasuliwa, zile ndogo za rangi ya chungwa zinazouzwa kwenye maduka ya nafaka mjini. Zilowekeni saa moja. Hapa chini zinaiva kwa dakika 15 hadi 20, huko juu wekeni mara mbili ya muda huo. Soya kavu ya vipande nayo ni nyepesi sana kubeba, inalowekwa kwenye maji ya moto kisha inaungwa kama nyama.

Kwa mtu mmoja kwa siku, pimeni gramu 100 za adesi kavu, gramu 60 za siagi ya karanga, gramu 150 za tambi kavu au mchele zaidi kidogo, gramu 60 za unga wa ulezi kwa uji, na vipande vinne vya mkate. Ukitumia tambi, hapo protini inafika karibu gramu 70, inayotosha mtu mzima wa kawaida anayetembea. Ongezeni parachichi, tende na karanga za kukaanga kwa ajili ya mafuta na nguvu, kwa sababu hamu ya kula hupungua mtu anapopanda, na sahani kubwa ya mboga za majani humjaza tumbo bila kumpa nguvu. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote: mgeni habaki na njaa kwa kukosa chakula, anabaki na njaa kwa kupewa kabichi. Chapati za maji za asubuhi zinakubali bila yai: gramu 200 za unga wa ngano, ndizi mbivu moja iliyopondwa, maji kama mililita 300, chumvi kidogo. Beking pauda wekeni kijiko kimoja cha chai badala ya viwili, maana huko juu hewa ni nyepesi, zinaumuka haraka halafu zinaanguka.

Na kuna jambo linatuuma. Mtu amekuja kwenye mlima wa Wachaga, nchi ya ndizi, tunampa tambi na mchuzi wa nyanya siku saba. Kiburu ni ndizi na maharage, hakina mnyama, na bibi zetu walikipika kabla neno vegani halijatungwa. Mnafu kwa karanga, makande yasiyotiwa maziwa, uji wa ulezi, vyote vipo. Mtori nao unawezekana bila nyama, mradi mpishi akubali kwamba ladha ya mfupa imeondoka na lazima kitu kichukue nafasi yake. Kwa watu wanne: kilo moja ya mshare, zile ndizi za kupika, menya ukitumbukiza kwenye maji yenye ndimu zisiwe nyeusi. Kaanga kitunguu kikubwa katika vijiko vitatu vya mafuta mpaka kiwe kahawia hasa, usikitoe kikiwa cheupe. Weka tangawizi, nyanya mbili, karoti mbili, kisha ndizi na maji. Zikiiva ponda, changanya vijiko viwili vya siagi ya karanga, malizia na ndimu. Ukitoa mfupa na usikaange kitunguu vizuri, utapata uji wa ndizi, na mgeni atakula vijiko vitatu kwa heshima kisha aache.

Tunakuja sasa kwenye nyama ya wapagazi, na hapa tutazungumza bila kuzunguka. Hutokea mgeni akaomba nyama isipikwe kabisa kambini, hata ya wafanyakazi. Tunaielewa hisia yake. Analipa safari, hivyo anaona kila kipande cha nyama kilichonunuliwa kwa fedha yake kama chake. Lakini mpagazi anabeba kilo 20 kwenye mteremko wa Barranco, na chakula chake ni sehemu ya ujira wake. Mgeni ana haki kamili juu ya sahani yake, na haki hiyo inakoma kwenye sahani ya mpagazi. Mwongozaji aseme hivyo kwa adabu, mjini, kabla ya kusaini. Akikubali yeye mwenyewe mpagazi kula maharage, ni sawa. Akilazimishwa, ni mtu mwenye uwezo anamchagulia mwenye uhitaji. Tunachoweza kumwahidi mgeni ni kwamba nyama itakaa kwenye chombo chenye mfuniko, itapikwa kwenye jiko jingine, na haitatundikwa mbele ya hema la kulia.

Uzito huohuo wa mgongo wa mpagazi unarudi kwenye vifaa. Begi la kulalia la manyoya ya bata lenye kufaa baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri ni jepesi. La nyuzi bandia lenye joto lilelile linaweza kuzidi kwa kilo moja hivi, na linajaza begi. Mgeni anamhurumia bata, mpagazi anabeba hiyo kilo. Hatusemi aache msimamo wake. Tunasema aambiwe, halafu apunguze kitu kingine, au alipie mpagazi wa ziada, kwa sababu mzani wa getini hauna dini. La nyuzi bandia lina faida yake pia: likipata unyevu wa msitu wa Machame bado linapasha joto, wakati manyoya yakilowa yanajikunja na kupoa. Wapo vegani wanaokubali kukodi begi la zamani la manyoya kwa hoja kwamba hakuna bata mpya anayechinjwa kwa ajili yao, na wapo wasiokubali hata kidogo. Mwenye duka la kukodisha asome lebo iliyoshonwa ndani na ajibu kilichoandikwa pale.

Anayekataa sufu mara nyingine hufika na soksi za pamba. Mzuieni. Pamba ikilowa jasho haikauki, inapoza mwili na inachubua miguu. Soksi na nguo za ndani za poliesta zinafaa, na soko la Memorial hapa mjini mtazipata za mtumba. Viatu visivyo vya ngozi viko vingi siku hizi, ila viwe vimevaliwa wiki kadhaa kabla, kama kiatu kingine chochote.

Dawa na chanjo tutazipitia haraka, kwa kuwa hapo mwenye neno ni daktari. Chanjo ya homa ya manjano hutengenezwa kwa mayai ya kuku yenye viinitete. Wasafiri wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo wanadaiwa cheti wanapoingia Tanzania, na cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Kapsuli nyingi, zikiwemo za doksisaiklini ya kukinga malaria, zimefunikwa kwa jelatini ya wanyama, na vidonge vingi vina laktosi. Mgeni akiuliza, mwambieni ukweli na mumwelekeze kwa daktari wake. Msimwambie aache dawa, na msimwambie haina kitu. Lakini kuna swali moja la mwongozaji mwenyewe, na aliulize kwenye mkutano wa maelekezo, chini, akili ya mgeni ikiwa timamu: ikitokea dharura juu, unakubali dawa yoyote tutakayokupa? Jibu liandikwe. Mita 4,600, kichwa kinapasuka na miguu inayumba, si mahali pa kujadili jelatini.

Sasa tushuke vijijini. Mgeni anapelekwa kula nyumbani kwa watu, na mwenyeji kwa heshima anachinja kuku, au hata mbuzi. Hapa mgeni anapatikana katikati ya mambo mawili mazito: akila anavunja ahadi yake, asipokula anamwaibisha mwenye nyumba, na mnyama ameshakufa vyovyote vile. Mtego huu tunautega sisi, kwa kutopeleka habari mapema. Siku mbili kabla, mpigie mama simu. Usimwambie mgeni ana mzio. Waongozaji wengi husema hivyo wakidhani wanarahisisha, na ni uongo, na siku mgeni akionekana anakula keki yenye yai, mama atajua alidanganywa. Mwambie kwa mfano anaoujua: kuna Wasabato wasiogusa nyama, kuna Wakristo wa Ethiopia ambao wakifunga huacha nyama, maziwa na mayai. Mama, huyu mgeni anakula kama yuko kwenye mfungo huo, ila kwake ni mwaka mzima. Mama ataelewa, na atauliza swali la maana: basi nimpe nini cha kumheshimu? Mbege ni ndizi, ulezi na gome la msesewe. Ukimkaribisha mgeni kwa kata ya mbege umemheshimu kwa desturi ya Uchagani bila kumchinjia kitu. Kama hanywi pombe, kahawa iliyotwangwa mbele yake inatosha.

Na kahawa hiyo inatuleta kwenye swali gumu kuliko yote ya leo. Kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchaga, ambacho FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikitambua mwaka 2011 kupitia Shimbwe Juu kama urithi wa kilimo wa dunia, kinasimama juu ya mduara. Majani ya migomba na nyasi anakula ng'ombe aliyefungiwa zizini, samadi yake inarudi kwenye migomba na kahawa, ndizi inalisha nyumba. Ondoa ng'ombe, na udongo unachoka ndani ya miaka michache, au ununue mbolea ya viwandani. Kwa hiyo ndizi ambayo mgeni anaila kwa moyo mweupe imelelewa na ng'ombe. Wageni wenye kufikiri huuliza hili wenyewe wakiona zizi nyuma ya nyumba. Msilifunike kwa turubai. Waelezeni mduara ulivyo, waacheni waupime wenyewe. Tunachokataa ni bango linaloandikwa kwamba shamba ni la vegani ili kuvuta watu. Hilo ni kuuza kitu ambacho hatuna.

Kwa Wamaasai upande wa Arusha ni vivyo hivyo. Boma linaishi kwa ng'ombe na mbuzi, kwenye ardhi kavu ambayo mahindi hayaaminiki. Asiyetaka kuchangia ufugaji asipelekwe huko halafu akaketi akiwahukumu wenyeji kwa macho. Aulizwe kabla. Akienda na akataka shanga, aulize zimeshonwa juu ya ngozi au juu ya plastiki, maana siku hizi zipo za namna zote mbili, na akina mama wanaziuza zikiwa pamoja kwenye meza moja.

Kwa madereva wa Tarangire na Ngorongoro, neno moja tu kuhusu boksi la chakula. Paja la kuku, yai la kuchemsha, keki, mtindi, ndizi, juisi. Toa vya mnyama uone kilichobaki: ndizi na juisi, kwa mtu atakayekaa garini saa tisa. Boksi la vegani lisiwe la kuondolewa vitu, lipangwe upya: chapati mbili zenye maharage mazito, nusu parachichi lenye ndimu, viazi vya kuchemsha, karanga za kiganja kizima, tunda. Liandikwe jina juu. Mara nyingi chakula cha vegani huliwa na mtu mwingine kwa sababu kinavutia, na mwenyewe anabaki na paja la kuku.

Tutapokea maswali baada ya chai. Kwenye birika jekundu ni ya rangi, kwenye la bluu ni ya maziwa. Mandazi ya sinia la karibu na mlango yamekandwa kwa tui la nazi. Ya sinia la dirishani yana mayai na maziwa.